Tundu za bawaba: uchambuzi wa matembezi ya saa mbili katika Geto la Venisi

Mpwa wangu anasoma Padova, Italia. Chumba alichopanga huko anakiita geto, kama vijana wengi wa Unguja na Dar es Salaam wanavyoviita vyumba vyao vya ukapera: kitanda, jiko la umeme, viatu mlangoni, na ufunguo ambao mzazi hana. Nilipofika alinifungulia akasema, "Karibu geto, mjomba." Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Tukapanda treni, kama nusu saa hivi, tukashuka Venisi kwenda kuliona Geto lenyewe, mtaa walikofungiwa Wayahudi zamani, lile ambalo mageto mengine yote duniani yamerithi jina lake.

Kazi yangu ni kutembeza wageni Mji Mkongwe, kwa hiyo sikwenda kutazama majengo tu. Nilikwenda kumtazama mwenzangu wa kule anavyofanya kazi: anaanzia wapi, anasimama wapi, anasema nini na ananyamaza wapi. Kisa hiki nakiandika kwa waongozaji wenzangu wa Unguja, Lamu, Mombasa na Bagamoyo, kwa sababu kilichotokea asubuhi ile kinaweza kumtokea yeyote kati yetu anayewapeleka wageni mahali palipoona mateso na ambapo watu bado wanaishi. Kampuni iliyotuuzia tiketi siitaji. Mwongozaji naye simtaji, na nataka ieleweke tangu mwanzo kwamba alikuwa hodari, anaujua mtaa ule kama kiganja chake, na alituheshimu.

Hali ilivyokuwa

Tulikuwa watu 19. Tangu Agosti 2024 mji wa Venisi hauruhusu kundi la watalii kuzidi watu 25, na vipaza sauti vimepigwa marufuku, kwa hiyo mwongozaji alitumia sauti yake mwenyewe nasi tukamsogelea kama watoto wa chuoni. Tangazo lilisema matembezi ya saa mbili kwa miguu katika mtaa wa Wayahudi "pamoja na masinagogi yake". Tulielekezwa kukutana saa nne asubuhi kwenye uwanja wa Ghetto Nuovo, katikati ya kisiwa, karibu na visima, nasi tukaingia kwa daraja la upande wa Ormesini.

Jumamosi ni Sabato. Siku hiyo makumbusho ya Wayahudi hufungwa na masinagogi hayapokei watalii, kwa sababu wenyewe wanasali. Hilo kila mwongozaji wa Venisi analijua. Ofisi iliyouza tiketi haikutuambia, na sidhani kuwa ilimwuliza mwongozaji kabla ya kupanga siku. Alipotutangazia kwamba hatutaingia ndani, familia moja ilikasirika waziwazi. Baba yao alikuwa ameshalipa tiketi tano.

Hapo mwenzangu alifanya alichofanya yeyote kati yetu angefanya akibanwa: alitafuta kitu chenye uzito kilicho karibu. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wenye vibao saba vya shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Arbit Blatas, vilivyowekwa mwaka 1980 kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi. Juu ya ukuta kuna seng'enge. Akatuomba tusogee, akaanza.

Alilosimulia lilikuwa kweli tupu, na alilisimulia vizuri. Mwaka 1938 utawala wa Mussolini ulitunga sheria za ubaguzi wa rangi na nasaba, na Wayahudi wa Italia wakafukuzwa mashuleni, vyuoni na maofisini. Septemba 1943 Wajerumani waliikalia Italia ya kaskazini. Mkuu wa jumuiya ya Wayahudi wa Venisi wakati huo alikuwa daktari mzee, Giuseppe Jona. Akatakiwa atoe orodha ya watu wake. Tarehe 17 Septemba alijiua, orodha hakuitoa. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba polisi wa Kiitalia wenyewe walipita nyumba kwa nyumba. Agosti 1944 Wajerumani wakaja kwenye nyumba ya wazee, iliyo pale pale uwanjani, wakawachukua wazee na wagonjwa, na pamoja nao rabi mkuu Adolfo Ottolenghi. Waliochukuliwa Venisi walipindukia 200. Waliorudi ni 8.

Alimalizia kwenye kibao kingine cha Blatas, cha mwaka 1993, kinachoonyesha treni ya mwisho. Mama mmoja kati yetu alikuwa analia. Yule baba wa tiketi tano alikuwa ameshika mkono wa binti yake na hasira yote imemtoka. Nikatazama saa: dakika arobaini zimepita.

Simu iliyoinuliwa

Dakika themanini zilizobaki ndizo zilizobeba miaka 281 ya Geto lenyewe, kuanzia 1516 hadi 1797. Mwenzangu alipita nazo mbio. Alituonyesha madirisha matano, akatuonyesha mlango wa benki ya rehani, akatuvusha daraja kuingia Ghetto Vecchio, sehemu nyingine ya Geto. Kundi lilikuwa kimya kama lililotoka mazikoni. Hakuna aliyeuliza kitu, ila mama mmoja aliyetaka kujua Shylock, yule mkopeshaji Myahudi wa tamthilia ya Shakespeare, aliishi nyumba gani. Nitarudi kwake.

Tulikuwa kwenye kiwanja kidogo kati ya sinagogi la Walevanti, Wayahudi waliotoka nchi za mashariki, na la Wahispania sala ilipomalizika. Watu wakatoka: wazee wenye kofia, kina mama, watoto watatu wanakimbizana kama watoto popote wanavyokimbizana baada ya kukaa kimya kwa muda mrefu. Bwana mmoja wa kundi letu akainua simu, akawalenga watoto. Mzee mmoja akanyoosha kiganja kumkataza. Siku ya Sabato Myahudi anayeishika dini hashiki simu wala hapigi picha, na hata isingekuwa Sabato, watoto wa watu si sanamu. Mwongozaji akaingia kati kwa upole, akajiweka mbele ya simu kwa mgongo wake, akamwomba yule mzee radhi kwa Kiitalia.

Bwana wa simu hakuwa mtu mbaya. Aliona haya. Alichosema kujitetea ndicho kilichonifanya niandike: "Samahani, sikudhani kuna waliobaki."

Nimelifikiria neno hilo tangu siku ile. Kwa dakika arobaini alikuwa amesikia namna watu hawa walivyomalizwa. Akatembea kutoka pale akiwa na hakika kwamba anatembea makaburini. Watoto walipotokea mlangoni, kwake walikuwa ajabu, kitu cha kupigwa picha kabla hakijatoweka. Mimi naona kosa la simu lilianza saa nne na dakika tano, mbele ya vibao vya shaba, kwa kituo cha kwanza kilichochaguliwa.

Najua hoja ya upande wa pili, kwa kuwa mpwa wangu aliitoa kwenye treni tukirudi. "Mjomba, sasa ulitaka auache mwaka 1943? Watu wangemlaumu." Sikutaka auache. Hakuna mtembezi mwenye haki ya kuondoka pale bila kuujua. Ninachosema ni kwamba ukiutanguliza, unayameza yote yaliyoutangulia. Lango la 1516 linageuka utangulizi wa treni ya 1943, kana kwamba baraza la Venisi lilijua linaelekea wapi, na kana kwamba watu walioishi pale karne tatu walikuwa wanasubiri kufa tu. Walikuwa wanaoa, wanadaiana, wanagombana juu ya kodi, wanachapisha vitabu. Ukianza na kifo chao, huwezi tena kumwambia mgeni jambo la kuchekesha juu yao, na watu tusiothubutu kuwacheka kidogo ni watu ambao bado hatujawajua.

Pa kuanzia

Siku ya pili, Jumapili, nilirudi na mpwa wangu peke yetu. Tukaja kutoka stesheni kwa miguu, tukavuka daraja la Guglie, tukashika ukingo wa mfereji wa Cannaregio mpaka kwenye ujia mfupi, mweusi, wenye dari ya mbao, unaopita chini ya nyumba. Ukipita haraka hutauona. Hapo ndipo palipokuwa na mojawapo ya malango ya Geto, na kwenye nguzo za mawe bado kuna tundu zilipokaa bawaba.

Nilimwambia mpwa wangu atie kidole. Jiwe limelika, ukingo wake laini. Akauliza swali ambalo mtembezi yeyote ataliuliza akianzia hapo: ufunguo alikuwa nao nani?

Jibu lake ni historia nzima. Mwaka 1509 Venisi ilikuwa vitani, na Wayahudi wa miji ya bara, Mestre na Padova, wakakimbilia Venisi kwenyewe, visiwani, pamoja na wakimbizi wengine. Jamhuri ya Venisi iliwahitaji: walikopesha fedha kwa maskini na walilipa kodi kubwa. Lakini wahubiri walikuwa wanapiga kelele makanisani kwamba Wayahudi wametapakaa mjini. Tarehe 29 Machi 1516, wakati wa Doge, yaani mkuu wa Jamhuri, Leonardo Loredan, Seneti ikapata njia ya kuwabakiza bila kuwakubali: wote, kama 700, wahamie kisiwa kimoja huko Cannaregio. Wapangaji Wakristo waliokuwemo wakaondolewa, na wenye nyumba wakaruhusiwa kuwatoza Wayahudi kodi iliyozidi ya zamani kwa theluthi moja. Asubuhi malango yafunguliwe ikilia Marangona, kengele kubwa ya San Marco, usiku yafungwe. Walinzi wawe Wakristo wanne, na mashua zizunguke mifereji usiku kucha. Mshahara wa walinzi na wa mashua ulipwe na waliofungiwa.

Mpwa wangu akarudia: "Waliofungiwa ndio waliomlipa mlinzi?" Ndiyo. Hapo kwenye tundu la bawaba, kabla hajaona chochote kingine, alikuwa ameshaelewa mpango mzima wa Geto kuliko nilivyoelewa mimi siku moja kabla, na hakuna aliyemliza.

Halafu neno lenyewe. Eneo lile lilikuwa na karakana ya kusubu shaba, na kwa Kivenisi karakana ya namna hiyo iliitwa geto. Wenyeji walilitamka kwa sauti laini, kama "jeto". Inaelezwa kwamba Wayahudi waliotoka Ujerumani ndio waliolikaza kuwa g, na tamko lao likashinda. Ndiyo maana Ghetto Nuovo, yaani jipya, ndilo la mwanzo, la 1516, na Ghetto Vecchio, la zamani, likaongezwa mwaka 1541: upya na uzee ni wa karakana. Mwaka 1633 likaja la tatu, Ghetto Nuovissimo. Neno likatoka pale, likazunguka Ulaya, likavuka hadi mitaa ya weusi Marekani, na siku moja likatua kwenye mlango wa kijana wa Kizanzibari aliyeondoka kwao kwa mara ya kwanza. Nasi tunaliandika kama Wavenisi wa kale walivyoliandika.

Kwa mgeni anayesema Kiswahili, lango hili ni dhahabu. Si lazima umweleze geto ni nini. Anayo tayari mfukoni maana yake, na maana yake ni uhuru: mahali ambapo ufunguo ni wako. Unamsimamisha mbele ya tundu la bawaba na maana hiyo mkononi.

Hatua chache mbele, ukutani Ghetto Vecchio, kuna jiwe lililoandikwa mwaka 1704. Linawakataza Wayahudi waliobatizwa wasirudi Geto wala wasiingie nyumba za ndugu zao, na linawatishia kamba, gereza, kuvuta makasia merikebuni, mijeledi. Siku ya Jumamosi tulipita mbele yake bila kusimama. Mimi ningesimama dakika tano. Jiwe lile linasema jambo ambalo ukuta peke yake hauwezi kulisema: kwamba watu walikuwa wanarudi. Mtu amebatizwa, ameruhusiwa kuishi popote, na bado jioni anamtamani mama yake na chakula cha kwao. Serikali haiandiki juu ya marumaru makatazo ya jambo lisilotendeka.

Madirisha, mitumba na kilemba

Nina deni la kumsifu mwenzangu, kwa kuwa palipokuwa na kitu cha kuonyesha kwa jicho, alikuwa bingwa. Kwenye uwanja wa Ghetto Nuovo alituambia tuhesabu ghorofa. Nyumba za Venisi ya zamani kwa kawaida si ndefu, lakini pale zinafika saba, hata nane. Watu waliongezeka na kisiwa hakikuongezeka, kwa hiyo walijenga kwenda juu, na ili juu papatikane haraka wakashusha dari. Ukitazama madirisha utaona safu zimebanana kuliko nyumba za ng'ambo ya mfereji. Akamwambia kijana mrefu wa kundi letu ainue mkono: "Hapo ungegusa dari." Kijana akabaki ameinua mkono, nasi sote tukaipima dari ya hewa.

Halafu akatuonyesha madirisha matano makubwa yaliyo juu kabisa, matano kwa vitabu vitano vya Torati. Ndani yake ni Scola Grande Tedesca, sinagogi la Wayahudi wa Kijerumani, la mwaka 1528. Mtu wa chini haoni sinagogi, anaona nyumba ya kupanga. Waliliweka ghorofa ya juu kwa sababu nafasi haikuwepo na kwa sababu haikufaa watu walale juu ya mahali pa sala. Jirani yake ni Scola Canton, ya miaka michache baadaye, na Scola Italiana ya 1575. Upande wa Ghetto Vecchio ni Walevanti, wafanyabiashara waliotoka nchi za Sultani wa Uthmaniya, na Wahispania na Wareno waliofukuzwa kwao. Masinagogi matano katika eneo ambalo ukitembea pole pole unalimaliza kwa dakika kumi, kila moja na lahaja yake, vyakula vyake na namna yake ya kuvuta dua. Sisi wa Mji Mkongwe hilo tunalijua bila kuelezwa: misikiti ya Sunni, ya Ibadhi, ya Ithnaasheri na ya Bohora iko umbali wa kuitana. Siku mlango umefungwa, kituo cha kutosha ni madirisha haya.

Kwenye benki ya rehani alitupitisha haraka mno. Jina lake Banco Rosso, benki nyekundu, kwa rangi ya stakabadhi zake. Palikuwa na ya kijani na nyeusi pia. Zilikuwa sharti la kukaa. Jumuiya iliishi kwa mkataba wa muda uliojadiliwa na kulipiwa upya kila ulipokwisha, na mojawapo ya masharti lilikuwa kuwakopesha maskini wa Kikristo kwa riba iliyopangwa na serikali, riba ndogo ambayo hatimaye iliwatia hasara wenye benki. Kazi nyingine zilizoruhusiwa zilikuwa chache. Udaktari: daktari wa Kiyahudi aliweza kutoka usiku lango limefungwa, kwa sababu mgonjwa Mkristo hangoji Marangona. Na biashara ya nguo zilizotumika. Wavenisi waliiita strazzaria, sisi tunaijua kwa jina la mitumba, na mtu yeyote aliyewahi kuinama juu ya lundo la mitumba Darajani anaweza kuuona uwanja ule ulivyokuwa siku ya soko, marobota yamefunguliwa, watu wanachambua na kubishana bei.

Jambo ambalo halikutajwa kabisa siku ya Jumamosi, na kwangu ndilo tamu kuliko yote, ni kodi. Wayahudi hawakuruhusiwa kumiliki nyumba wala kiwanja. Wenye nyumba ni Wakristo, wapangaji hawana pa kuhamia, na hapo mwenye nyumba angeweza kuwakamua atakavyo. Wakajiwekea desturi iliyotoka kwenye sheria yao wenyewe, wakaiita gazakà: anayekaa kwenye chumba ana haki ya upangaji ambayo Myahudi mwenzake hawezi kumpokonya kwa kuongeza dau. Haki hiyo iliweza kuuzwa, kurithishwa, hata kutolewa kuwa mahari ya binti. Mwongozaji wa Ulaya atahitaji dakika kumi kuieleza. Ukiwa na wageni wa Pwani sema neno moja, kilemba, na kila aliyewahi kupanga duka mjini ataitikia kwa kichwa.

Shylock, na yule mama aliyemtafuta

Yule mama aliyeuliza nyumba ya Shylock alijibiwa kwa ufupi na kwa adabu: Shylock aliishi kichwani mwa Shakespeare, na kwenye tamthilia ile Rialto, mtaa wa biashara wa Venisi, inatajwa, Geto halitajwi hata mara moja. Jibu sahihi, na mwaka 2016, Geto lilipotimiza miaka 500, tamthilia hiyo ilichezwa pale pale uwanjani, jambo ambalo mwongozaji angeweza kulitumia.

Kwetu swali hilo lina mlango mwingine. Wengi wetu tuliijua Venisi kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, kwa tafsiri yake ya mwaka 1969, Mabepari wa Venisi. Kichwa cha Kiingereza kina mfanyabiashara mmoja. Mwalimu aliandika mabepari, wingi. Kwa neno hilo moja mkopeshaji hasimami tena peke yake kizimbani. Mji mzima wa wenye merikebu na mizigo unasimama naye. Sijui kituo kinachofaa zaidi kulisema hilo kuliko mbele ya Banco Rosso, ukiwa na masharti ya serikali mkononi: nani aliyepanga riba, nani aliyemkataza Myahudi kazi nyingine, nani aliyetoza kodi ya mkataba. Mgeni aliyekuja kumtafuta Shylock aondoke anaijua hesabu ya Jamhuri.

Na apewe majina ya watu waliokuwepo kweli. Rabi Leon Modena, aliyezaliwa 1571 na kufa 1648, mhubiri ambaye hata Wakristo waliingia Geto kumsikiliza, na mcheza kamari aliyeandika habari za maisha yake bila kuzificha hasara zake. Sara Copio Sullam, mshairi, ambaye nyumbani kwake walikutana waandishi Wayahudi na Wakristo. Mwaka 1621 kasisi mmoja alimshutumu kwa maandishi kwamba anakana kudumu kwa roho, naye akamjibu kwa chapa, mwaka huo huo, kwa jina lake mwenyewe. Modena ndiye aliyeweza kuwachekesha watu wetu 19. Siku ya Jumamosi hakuna aliyetajwa kati ya wawili hawa, kwa kukosa muda, na muda ulikuwa umekwishia ukutani.

Julai 1797, askari wa Napoleon wakiwa wameshaiangusha Jamhuri, malango yalivunjwa yakachomwa uwanjani. Usawa kamili ulingoja hadi 1866, Venisi ilipoingia katika ufalme wa Italia. Hayo yapite kwa dakika tatu, yanatosha. Baada ya hapo tu, ndipo mtu asimamishwe mbele ya vibao vya Blatas. Atakuwa anawajua waliochukuliwa: wajukuu wa wenye mitumba, wa madaktari wa usiku, wa wanawake waliojibu kwa chapa. Atalia pengine zaidi ya alivyolia yule mama. Na matembezi yasiishie hapo. Nyumba ya wazee iko hatua chache kutoka kwenye vibao; mkate unaokwa mtaani; jumuiya ya Venisi ina watu kama 450, wachache wao wakiishi Geto, na siku ya Sabato wanakuja kusali. Kituo cha mwisho kiwe hao, kwa mbali, simu mfukoni, na mgeni ameambiwa mapema kwamba atawakuta.

Kwetu

Nimeyaandika haya kwa sababu na mimi ninafanya hivyo hivyo. Kwa miaka mingi nimeyaanzia matembezi yangu Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, mbele ya sanamu za watu waliotiwa minyororo shimoni. Nilianzia pale kwa sababu pananyamazisha kundi lenye kelele. Kisha nawapeleka vichochoroni, na mara nyingi nimewaona wakimtazama kila mzee aliyekaa barazani kwake kwa jicho la huruma au la tuhuma, wakimpiga picha bila kumwamkia. Nilikuwa nalaumu adabu zao. Sasa ninaanzia sokoni Darajani, kwa watu wanaonunua samaki, na Mkunazini tunafika tukiwa tumeshaamkiana na nusu ya mtaa. Wenye ofisi waliniuliza kwa nini nachelewesha "kivutio kikuu". Bado tunavutana.

Ofisi nayo ina sehemu yake. Kuuza Jumamosi matembezi ya masinagogi ni sawa na kuuza Ijumaa saa sita na nusu matembezi ya ndani ya msikiti. Siku na saa zipangwe na anayeujua mtaa, na tiketi iseme wazi kitakachokuwa kimefungwa. Mwenzangu asingebanwa, asingeukimbilia ukuta.

Kwa atakayewahi kuongoza kundi pale, shida moja ya njia yangu niliiona Jumapili ile ile. Ule ujia wa lango ni mwembamba, na watu wanaoishi ndani wanapita nao na mikokoteni ya sokoni. Mimi na mpwa wangu, wawili tu, tulimzibia mama mmoja njia, tukabanana ukutani ili apite. Watu 19 hawawezi kusimama pale. Wasimamishe nje, ukingoni mwa mfereji, uwaeleze yote wakiwa kwenye mwanga. Halafu waingie watatu watatu, kila mmoja atie kidole kwenye tundu la bawaba, na waendelee mbele bila kusimama mpaka watokee upande wa pili.